Unaandika Historia ya Jimbo? Haya Fanya, Haya Acha

Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, mitaa ya Dar es Salaam hugawiwa vijitabu vya rangi. Jaladani yupo mheshimiwa na kofia ngumu ya ujenzi. Ndani mna madarasa, matundu ya vyoo, visima na madawati. Mwishoni kuna kurasa mbili za “historia ya jimbo letu”, zilizoandikwa na katibu wake usiku mmoja. Historia hiyo huanza siku mheshimiwa alipoapishwa.

Maelekezo haya ni ya yule anayetaka kuandika kitu kingine: mwalimu wa uraia, mwandishi wa habari, mtendaji wa kata aliyestaafu, kijana wa Mbagala au Tandale mwenye simu na daftari. Hayabembelezi. Ukiyaona mazito, iachie kazi hii mtu mwingine.

Usianze na mbunge, anza na mpaka.

Mbunge hupita, na mpaka nao huhama, tena kimyakimya kuliko yeye. Mwaka 1995 mkoa mzima ulikuwa na majimbo saba: Ilala, Ukonga, Kinondoni, Kawe, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Segerea ikaongezeka mwaka 2010. Mwaka 2015 Kibamba ikamegwa kutoka Ubungo, na Mbagala kutoka Kigamboni, yakafika kumi. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza majimbo mapya manane kwa nchi nzima, na mawili yakaangukia Dar es Salaam: Chamazi iliyotoka Mbagala na Kivule iliyotoka Ukonga. Mtu aliyejenga Chamazi miaka ishirini iliyopita na hajahama hata siku moja amekuwa mpiga kura wa Kigamboni, kisha wa Mbagala, kisha wa Chamazi. Nyumba ni ileile, mwembe ni uleule, majimbo matatu.

Kwa hiyo ukurasa wako wa kwanza uwe orodha ya kata kwa kila mwaka wa uchaguzi: zipi zilikuwamo, zipi zilitoka, zipi zilizaliwa kwa kugawanywa. Katiba, Ibara ya 75, inaipa Tume mamlaka ya kuchunguza na kugawa majimbo kwa kibali cha Rais, angalau kila baada ya miaka kumi. Matangazo hayo yamo kwenye Gazeti la Serikali. Yatafute humo. Usitosheke na kumbukumbu ya mwenyekiti wa mtaa, maana naye husema “tangu zamani” akiwa na maana ya tangu alipochaguliwa.

Usichanganye wilaya, manispaa na jimbo.

Kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, na wanaolifanya ni watu waliosoma. Jina Kinondoni ni la wilaya, la manispaa, la jimbo na la kata. Msasani na Masaki ziko Manispaa ya Kinondoni, lakini wakazi wake humpigia kura mbunge wa Kawe. Jimbo la Kinondoni lenyewe ni la Magomeni, Mwananyamala, Tandale, Kijitonyama, Kigogo, Mzimuni na jirani zao. Ukiandika kwamba mbunge wa Kinondoni anawakilisha mabalozi wa nchi za nje na mahekalu ya ufukweni, msomaji wa Tandale atafunga kitabu chako, na atakuwa na haki.

Fuata pia tarehe za utawala. Mkoa ulikuwa na wilaya tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, mpaka Ubungo ilipotolewa Kinondoni na Kigamboni ikatolewa Temeke, katikati ya muongo uliopita. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Usilinganishe sensa mbili kabla hujauliza mpaka umebadilikaje.

Tazama anavyoanguka mtu. Sensa ya 2012 iliipa Kinondoni watu 1,775,049. Sensa ya 2022 ikaipa watu 982,328. Mwandishi mvivu ataandika kwamba karibu nusu ya watu wameihama Kinondoni katika miaka kumi, na akijiona mjuzi ataongeza sababu: kodi za nyumba, mafuriko, mwendokasi. Hakuna aliyehama kwa kiasi hicho. Ubungo ilikuwa imetolewa humo, nayo mwaka 2022 ilikuwa na watu 1,086,912. Jumlisha upate 2,069,240, ndipo uone kwamba eneo lilelile lilikuwa limeongezeka. Temeke nayo inaonekana imepungua kidogo, kutoka 1,368,881 hadi 1,346,674. Rudishia Kigamboni watu wake 317,902, inakuwa 1,664,576. Hesabu hii ni ya darasa la nne. Asiyeifanya asijiite mwanahistoria.

Na ukishaifanya, iulize swali gumu zaidi: ubunge mmoja umebeba watu wangapi Mbagala, na wangapi katika majimbo ya vijijini ya mikoa mingine? Hapo historia ya jimbo huacha kuwa sifa, ikawa hoja.

Tafuta sauti ya jimbo mahali ilipokuwa, si mahali unapodhani.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Watu walikufa, nyumba zilibomoka, watoto walipotezana na wazazi wao, na suala la fidia likavutwa kwa miaka. Sasa fungua Taarifa Rasmi za Bunge za mwaka huo utafute maneno ya “Mbunge wa Mbagala”. Hutayapata. Jimbo la Mbagala halikuwapo. Mbagala ilikuwa ndani ya Kigamboni. Asiyejua hilo ataandika kwamba Mbagala haikusemewa bungeni, na atakuwa ameandika uongo bila kukusudia, ambao ni mgumu kufuta kuliko uongo wa makusudi.

Taarifa Rasmi hizo, ambazo wengi huziita Hansadi, zisome kwa subira. Usiishie kwenye hotuba za bajeti, ambako kila mbunge huanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, mwenza wake na wapiga kura wake. Soma maswali ya msingi na ya nyongeza. Angalia swali lilelile la barabara au soko linavyoulizwa mwaka huu, linavyojibiwa “serikali iko kwenye mchakato”, na linavyorudi baada ya miaka mitatu kwa mdomo wa mbunge mwingine wa chama kingine na kupata jibu lilelile. Uwakilishi unaonekana humo kuliko kwenye mkutano wa hadhara. Na tangu Januari 2016, serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, maandishi hayo yamezidi thamani: wananchi wengi hawakumwona mwakilishi wao akizungumza, na hukumu yao juu yake ilitokana na vipande vilivyokatwa na kusambazwa kwenye simu.

Usiandike “2015–2020: fulani” ukadhani umemaliza.

Jedwali la wabunge ni lazima liwepo, lakini jedwali la mistari mitano linadanganya. Chukua Kinondoni. Mwaka 2015 Maulid Mtulia wa CUF alimshinda Idd Azzan wa CCM. Desemba 2017 Mtulia akajiuzulu na kuhamia CCM. Tarehe 17 Februari 2018 ukafanyika uchaguzi mdogo; akagombea kwa CCM na kushinda. Mtu mmoja, kipindi kimoja cha Bunge, vyama viwili, chaguzi mbili. Mkesha wa uchaguzi huo mdogo, polisi walipokuwa wakitawanya maandamano ya Chadema, msichana mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala. Jina lake limo kwenye magazeti ya wiki ile. Litoe humo, uliandike kwenye historia ya jimbo, tena si kwenye tanbihi.

Temeke ilipita njia hiyohiyo kwa namna nyingine. Abdallah Mtolea wa CUF, aliyechaguliwa 2015, alijiuzulu Novemba 2018, akahamia CCM, akarudi bungeni bila kupingwa. Hapo andika neno “bila kupingwa” na usisogee mpaka umeeleza: nani alichukua fomu, nani hakurudisha, nani aliondolewa, na kwa sababu ipi iliyotolewa. Uchaguzi ambao watu hawakupiga kura nao ni sehemu ya historia ya wapiga kura.

Rudi nyuma zaidi. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa tarehe 29 Oktoba 1995, lakini anayeandika tarehe hiyo kwa Dar es Salaam ameandika nusu. Vifaa vilichelewa, vituo vikavurugika, kura za majimbo yote saba zikafutwa, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Ubungo ikamchagua Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi. Temeke iliangukia CCM, kisha kiti kikawa wazi, na Oktoba 1996 Augustine Mrema, waziri wa zamani wa mambo ya ndani aliyekuwa ameshika nafasi ya pili kwenye urais mwaka mmoja kabla, akakitwaa kwa NCCR dhidi ya Abdul Cisco Mtiro wa CCM. Mtu wa Kilimanjaro akachaguliwa na Tandika, Keko na Mtoni. Ukikutana na wazee wa Temeke wanaoikumbuka kampeni ile, kaa nao siku nzima. Siku za namna hiyo jimbo hupata chache. Miaka michache baadaye Mrema alihamia TLP, na sheria yetu, inayomfunga mbunge kwa chama kilichomdhamini, haikumwachia kiti.

Usiwasahau wasio na jimbo.

Mbunge wa viti maalum hana mpaka, kwa hiyo waandishi wa majimbo humruka. Kosa. Halima Mdee aliingia bungeni kwa viti maalum mwaka 2005, akaichukua Kawe 2010 na tena 2015, akaipoteza 2020 kwa Josephat Gwajima, na Novemba mwaka huohuo akaapishwa tena kwa viti maalum pamoja na wenzake 18, jambo lililosababisha chama chake, Chadema, kuwafukuza. Kabla yake Kawe ilikuwa mikononi mwa Rita Mlaki wa CCM. Maana yake tangu uchaguzi wa 2005 hadi ule wa 2020 Kawe iliwakilishwa na wanawake mfululizo, wa vyama viwili vinavyopingana. Nimesoma maandishi kadhaa kuhusu Kawe yasiyolitaja hilo hata kwa mstari mmoja; yote yana habari za fukwe.

Usianzie historia kwenye mfumo wa vyama vingi.

Vijana wengi huanza 1992 kwa sababu huko ndiko intaneti inakoishia. Nenda Kumbukumbu za Taifa, Upanga. Nenda Maktaba Kuu, na mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Soma Uhuru la miaka ya sitini, soma Ngurumo, gazeti lililouzwa kwa bei ya chini na kusomwa kwa sauti barazani.

Humo utakuta uchaguzi wa 1958 na 1959, wa Baraza la Kutunga Sheria. Ili uandikishwe ulipaswa kuwa na umri wa miaka 21, na juu yake kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa na serikali. Makuli wengi wa bandarini na wavuvi wengi wa Msasani hawakuwamo. Aliyekuwamo alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akiacha mmoja, kura imeharibika. TANU iliamua kuingia kwenye uchaguzi huo wa ajabu baada ya mvutano mkali wa Tabora, Januari 1958, na ikaugeuza ushindi wake.

Kisha utakuta 1965. Chama kimoja, wagombea wawili, mmoja kapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Usiudharau uchaguzi huo kwa sababu tu chama kilikuwa kimoja. Waziri wa fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam kuijenga TANU, alishindwa Rufiji. Wapiga kura walijua wanachofanya. Ila fahamu kwamba mzee hakumbuki miaka, anakumbuka alama. Atakwambia “sisi huku tulikuwa wa jembe”. Usimsahihishe wala usimharakishe. Andika alivyosema, nenda kwenye gazeti ukatafute jembe alikuwa nani mwaka ule, kisha urudi umsomee majina. Hapo ndipo kumbukumbu hufunguka.

Adabu ya mahojiano.

Shikamoo kabla ya swali. Usiende saa ya swala, wala Jumapili asubuhi, wala saa ambayo mama anafunga hesabu ya genge lake. Usivae fulana ya chama wala kofia ya kampeni. Hata rangi zichague. Usimuulize mtu alimpigia nani. Akitaka kusema atasema, na akisema muulize kama unaruhusiwa kuandika. Usirekodi kwa kujificha. Usihoji wanaume wa kijiwe cha kahawa peke yao ukasema umehoji mtaa; wanawake wa vikoba, mabalozi wa nyumba kumi wa zamani na mawakala wa vyama waliokesha vituoni wana mengi zaidi, na hawapayuki. Aliyekuwa wakala wa chama kilichoshindwa ni hazina: yeye ndiye aliyetunza nakala ya fomu ya matokeo ya kituo, mara nyingi chini ya godoro.

Kadi ya mpiga kura usiipige picha ukaichapisha, hata mwenyewe akikuruhusu kwa furaha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, namba ya mtu si pambo la kitabu.

Kuhusu 29 Oktoba 2025.

Utaulizwa, na huwezi kuiruka. Siku ile ya uchaguzi maandamano yalizuka katika sehemu za jiji, Kimara na Ubungo zikiwamo. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, na intaneti ikakatwa. Fanya hivi: andika saa, mahali, na nani kakwambia, kila jambo kwenye karatasi yake. Tenganisha aliyeona na aliyesikia. Usiandike idadi ya waliokufa kwa kuipokea kwenye simu, na usiandike kwamba hakufa mtu kwa sababu ofisi fulani haikutaja. Jina la shahidi lisikae kwenye daftari moja na maneno yake. Picha yenye sura za watu usiisambaze. Kama huwezi kutunza siri ya mtu, usimhoji. Atakuja mwingine mwenye uwezo huo.

Usimpe mbunge sifa ya kila tofali, wala lawama ya kila bomba.

Ukiona darasa jipya, uliza fedha ilitoka wapi. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Fedha hizo ni za umma, si za mfukoni mwake, ingawa kibao cha ukutani husema vingine. Kuna mapato ya ndani ya manispaa. Kuna michango ya wazazi. Barabara nyingi za mitaa za Temeke na Kinondoni zilijengwa kwa mradi wa DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao wajukuu wa wapiga kura ndio watakaoulipa. Maji ni ya DAWASA, na tangu 2017 barabara za mitaa ni za TARURA. Mbunge husukuma, huuliza, hubana, au hulala. Pima hilo.

Pima pia alipokuwa wananchi walipomhitaji. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande, mbali na shule, soko na kituo chao cha kura. Wapiga kura wa jimbo moja wakahamishiwa jingine kwa malori. Nani aliwasemea, wale wa walikotoka au wale wa walikofikia? Sura nzima ya kitabu imo katika swali hilo, na sijaona aliyeiandika.

Fedha.

Usichukue ya mbunge. Wala ya anayetaka kuwa mbunge, ambaye huwa mkarimu zaidi. Wala “nauli”. Ukikosa fedha ya kuchapa, andika kitabu chembamba. Na ndani ya maandishi usimwite mtu mheshimiwa. Jina lake linatosha.

Vitu vidogo vikusanye haraka, maana huenda na mvua: kanga za kampeni, kalenda, fulana, mabango ya karatasi, vipeperushi vya mkutano. Nyuma ya kila kimoja andika tarehe, mtaa na aliyekutolea.

Kazi ikiisha, omba namba ya ISBN Bodi ya Huduma za Maktaba, acha nakala Maktaba Kuu, nyingine Kumbukumbu za Taifa, nyingine kila shule ya sekondari ya jimbo na kila ofisi ya kata. Wabunge wote wa zamani walio hai wapelekee nakala siku moja, pamoja na walioshindwa. Uzinduzi si lazima. Ukiufanya, mgeni rasmi awe balozi wa nyumba kumi.